Meseji za data kwa redio huku milimani: uandike njia mwenyewe, vituo virudie, vijitafutie, au vyote viseme na kilima kimoja?

Kamwene wadau. Naandika hii kwa ajili ya yule mwenye vituo vimetawanyika, tenki la maji kwenye kilima, pampu kule bondeni, kipima mvua sehemu nyingine kabisa, kila kimoja kina redio modemu yake, alafu amekwama kwenye swali moja: meseji ikitoka huku ifike kule ipitie wapi. Kununua redio sio kazi. Kazi ni hiyo ya kupitisha meseji, na kwetu huku kuanzia Mufindi, Njombe, Makete, Rungwe mpaka Mbeya ndo kazi kweli kweli, maana kati ya sehemu mbili unazotaka ziongee karibu kila mara kuna mgongo wa mlima umekaa.

Kabla ya yote, kama kila kituo chako kinashika mtandao wa simu vizuri mwaka mzima na mna uwezo wa kulipia bando kwa kila laini, weka laini za simu na haya mengine yasikusumbue. Wanaobaki kwenye redio mara nyingi ni wale ambao chanzo chao cha maji kipo korongoni au msituni ambako simu haisomi, au vituo ni vingi kiasi kwamba bando la kila mwezi linakuwa mzigo.

Vigezo kwanza

Wengi wanaanza kwa kuuliza "inafika kilomita ngapi". Ni swali la maana ila haliamui. Linaloamua kwa maoni yangu ni hili: nani anajua njia? Kuna mfumo ambao njia anaijua fundi, ameiandika kwa mkono. Kuna ambao hakuna anayeijua, meseji inasambaa tu mpaka imkute mwenyewe. Kuna ambao redio zenyewe zinaitafuta na kuikumbuka. Na kuna ambao hakuna njia ya kujua, kila kituo kinaongea moja kwa moja na kilima kimoja. Ukishajua hilo, unajua pia siku ikiharibika ataitwa nani na atapanda mlima gani.

Kwa hiyo nitazipima zote kwa mambo yale yale: njia inapatikanaje, hewa inatumikaje na meseji zinagonganaje, kituo cha katikati kikizimika inakuwaje, chaji, uwezo wa kutuma amri ya kurudi (mfano kuzima pampu), na mwisho hela, kibali na matunzo.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni njia za kuandikwa. Fundi anaweka kwenye kila redio jedwali, kwamba meseji ya kituo namba 7 mpe namba 3, na namba 3 naye anajua ampe 7. Hii ni ya siku nyingi kwenye mifumo ya maji na umeme, unakuta redio za UHF za 400 mpaka 470 MHz, kasi ya 9600 au 19200 biti kwa sekunde, na juu yake inapita Modbus, lugha ya vifaa kuulizana data, ambayo ilitoka mwaka 1979 na mpaka leo ipo kwenye vidhibiti vingi sana vya pampu. Kuna masta mmoja anayeuliza vituo kimoja kimoja, na kituo hakisemi kitu kama hakijaulizwa. Anwani ni kuanzia 1 mpaka 247, kwa mradi wa kijiji hiyo haiishi.

Ya pili ni kila anayesikia arudie, na mfano wake unaojulikana sasa hivi ni Meshtastic, mradi ulioanza mwaka 2020 unaotumia redio ndogo za LoRa, zile zinazofika mbali kwa nguvu kidogo ila kwa kasi ndogo. Inaenda kama taarifa ya msiba inavyoenda kijijini, hakuna aliyepangiwa amwambie nani, kila aliyesikia anapitisha na mwisho inamfikia kila mtu. Ili isizunguke milele kila meseji ina idadi ya hatua, kwa kawaida 3 na mwisho kabisa 7, na ina namba yake ili kituo kilichokwisha irudia kisirudie tena. Kuna ufundi mzuri humo: kituo kilichoisikia kwa udhaifu, yaani pengine kiko mbali, ndicho kinachorudia mapema, na kile cha karibu kikisikia mwenzake amesharudia kinanyamaza.

Ya tatu ni njia ya kujitafutia. Msingi wake maarufu ni AODV, utaratibu wa kutafuta njia uliochapishwa kwenye hati ya kanuni za mtandao RFC 3561 mwaka 2003, na Zigbee, mfumo wa redio za vifaa vidogo, walichukua wazo hilo hilo. Kituo kinachotaka kutuma kinatangaza "nani anamjua namba 7", ombi linasambaa, namba 7 anajibu, jibu linarudi kupitia palepale ombi lilipopita, na kila aliye njiani anaandika jirani wa kumpa. Kwenye redio za LoRa kuna MeshCore, yenye wazo la karibu na hilo, ya kwanza inasambazwa na ikishafika njia inakumbukwa, zinazofuata zinapita humo humo.

Ya nne ni nyota, na hapa nazungumzia LoRaWAN, mfumo uliojengwa juu ya redio za LoRa. Vituo havipokezani kabisa, kila kimoja kinarusha na getiwei (kituo kikuu cha kupokea) iliyo juu inasikia na kupeleka kwenye seva. Watu wanadhani lazima uwe na intaneti, hapana, seva kama ChirpStack unaweza kuiweka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi palepale kwenye getiwei na data ikasomwa hapo hapo ofisini.

Ardhi inasema nini

Chukua milingoti miwili ya mita 6 kwenye tambarare tupu. Kwa hesabu ya mviringo wa dunia inaonana mpaka kama kilomita 20. Ila redio inahitaji nafasi zaidi ya kuonana kwa macho, kwa kilomita 20 kwenye 868 MHz pale katikati unatakiwa uwe na kama mita 25 za uwazi chini ya mstari ndo upate sehemu kubwa ya nguvu yako, kwa hiyo zile kilomita za kwenye tangazo la dukani punguza sana kama mlingoti wako ni mfupi. Sasa geuza: weka antena moja sehemu iliyo mita 1,000 juu ya bonde, upeo wake kwa hesabu hiyo hiyo unavuka kilomita 100. Mtu wa Usangu anaelewa mara moja nasema nini, kule Mbarali uwanda wote wa mpunga umelala na milima imesimama upande wa kusini inauangalia. Mtu wa Makete naye anaelewa kinyume chake, unasimama juu ya mgongo mmoja unaona mgongo mwingine vizuri kabisa, ila watu na mabomba wako chini kwenye makorongo ambako kilima chako hakioni kitu.

Na mvua, maana kila mtu anauliza mvua: kwa masafa ya chini ya 1 GHz mvua yenyewe haipunguzi kitu cha maana. Kinachosumbua ni majani yaliyolowa, migomba ya Rungwe na misonobari ya Sao Hill, na maji yanayoingia kwenye koneketa ya antena ambayo haikufungwa utepe vizuri.

Nani anajua njia

Kwenye njia za kuandikwa anayejua ni fundi, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuichora kwenye karatasi ukaibandika ofisini kwa jumuiya ya maji, na yeyote akija baada ya miaka mitano anaelewa. Ubaya wake ni huo huo, ukiongeza kituo lazima uguse jedwali kwenye redio zaidi ya moja, na kama fundi aliondoka na setingi kwenye laptop yake mko pabaya. Mi nasisitiza kila mradi unaoenda njia hii ubaki na nakala ya setingi na ramani, kwenye flashi na kwenye karatasi.

Kurudia kwa wote hakuhitaji kuandika chochote, unawasha kifaa, unaweka chaneli na ufunguo wa siri sawa na wenzake, basi, kimeingia. Kujitafutia nako kunajipanga chenyewe, ila kuna kitu wengi hawakiangalii. Kwenye RFC ya AODV muda wa kawaida wa njia kubaki hai ni sekunde 3 tu, iliandikwa ikifikiria redio za kasi zinazoongea muda wote. Wewe kituo chako cha tenki kinatuma kila robo saa, maana yake njia inakuwa imeshasahaulika kabla ya meseji ya pili, na kila meseji inaanza na kutangaza upya, hewa inajaa kuliko hata ungesambaza tu tangu mwanzo. Kwa hiyo ukichagua hii hakikisha muda huo unaweza kuurefusha ulingane na meseji zako. Nyota haina habari hizo, kama kilima kinasikia kinasikia, kama hakisikii hakuna setingi itakayosaidia isipokuwa kuhamisha antena au kuongeza getiwei nyingine.

Hewa na kugongana

Hapa ndo pa kukaa kidogo maana ndipo mitandao mingi inapokufa polepole bila mtu kujua kwa nini.

Mwaka 1971 kule Hawaii walianzisha ALOHAnet, redio za visiwa mbalimbali zinaongea na kompyuta moja, kila mtu anatuma akitaka. Hesabu yake ikaonyesha kwamba ukiacha kila mtu atume ovyo, hewa inayotumika vizuri haizidi kama asilimia 18, ukiongeza meseji zaidi ya hapo zinagongana na kinachofika kinapungua badala ya kuongezeka. Ukweli huo haujabadilika.

Mtu atasema redio za siku hizi zinasikiliza kwanza kabla ya kutuma. Ndiyo, ila angalia milima yetu. Kituo kimoja kipo bonde hili, kingine bonde lile, mgongo katikati, wote wawili wanasikika na repita (kituo cha kurudia meseji) iliyo juu ila wenyewe hawasikiani. Kila mmoja anasikiliza, anakuta kimya, anatuma, na huko juu zinagongana. Nchi ya mabonde inazalisha hali hii kila mahali, yaani kilima kile kile kinachokupa umbali ndicho kinachokuletea migongano.

Sasa muda wenyewe. Kwa LoRa ya upana wa 125 kHz, meseji ya baiti 20 kwenye kiwango cha SF7 (namba ya SF ikipanda kasi inashuka) inakaa hewani kama milisekunde 57. Meseji hiyo hiyo kwenye SF12, ambayo inafika mbali zaidi, inakaa sekunde 1.3. Umbali unaulipia kwa muda. Setingi ya kawaida ya Meshtastic, ile LongFast, ni SF11 na upana wa 250 kHz, na meseji ya baiti 20 pamoja na kichwa chake inachukua kama nusu sekunde kila inaporushwa. Vituo 10 vikiirudia ni sekunde 5 za hewa kwa meseji moja ndogo. Kwa watu wanaotumiana ujumbe mara moja moja hiyo sio shida hata kidogo. Kwa vituo 40 vinavyoripoti kila dakika haiwezekani, na watu wanaoseti kila kifaa kiwe na kazi ya ROUTER wakidhani wanasaidia ndo wanaongeza tatizo, kwa sababu hicho hakinyamazi hata kama mwenzake amesharudia. ROUTER iwe kile cha kilimani peke yake.

Njia ya kuandikwa yenye masta haina kugongana, kwa sababu anayezungumza ni yule aliyeulizwa tu. Kwa 9600 biti swali na jibu la Modbus ni makumi ya milisekunde, ongeza muda wa redio kuwaka na kupitia repita, chukua nusu sekunde kwa kituo kwa makadirio ya woga, vituo 20 mzunguko ni sekunde 10. Safi sana. Tatizo linakuja kituo kikifa, masta anakisubiri. Kama umeweka asubiri sekunde 2 na ajaribu mara 3, kila kituo kilichokufa kinakula sekunde 6 za mzunguko, vikifa vitano vyote walio hai wanacheleweshwa nusu dakika. Wengine wanaweka masta aruke kituo kilichokufa na kukijaribu mara moja kwa saa, na hiyo ndo sahihi.

Kujitafutia kunakaa katikati, wakati wa kutafuta njia hewa inajaa, njia ikishapatikana inatumika kidogo. Ila kumbuka kwenye chaneli moja kila hatua inakula hewa, meseji inayopita repita moja imetumwa mara mbili kwa hiyo uwezo umebaki nusu. Na kufika nako kunapungua kwa kuzidishana: kila hatua ikifanikiwa asilimia 90, hatua tatu zinafika asilimia 73 tu. Ukiwa na redio inayothibitisha na kurudia mara moja kwa kila hatua, hizo tatu zinapanda mpaka 97. Kwa hiyo angalia kama uthibitisho unafanyika kila hatua au mwisho wa safari peke yake, tofauti ni kubwa mno.

Nyota ina hatua moja tu na hilo ni jambo kubwa. Ila vituo vyake vinatuma bila kuulizwa, kwa hiyo ile hesabu ya ALOHA inamhusu. Kinachomwokoa ni kwamba getiwei ya kawaida inasikiliza chaneli 8 kwa pamoja, na seva inaweza kuviambia vituo vya karibu vishuke SF7 ili visikae hewani muda mrefu. Kumbuka pia kwenye 868 MHz kwa mpango wa Ulaya meseji ya SF12 haizidi baiti 51, usipange kutuma barua.

Kituo cha katikati kikizimika

Njia ya kuandikwa: vyote vilivyo nyuma yake vinapotea mara moja. Inauma, ila unajua pa kwenda, namba 7, 8 na 9 hazijibu na zote zinapita 3, beba zana uende 3. Redio nyingine unaweza kuziandikia njia ya akiba.

Kurudia kwa wote ndo kuvumilivu kuliko zote, kama kuna kituo kingine kinachosikika meseji inapita huko na hakuna aliyegusa kitu. Hapo hapo kuna hatari yake, kituo kinakufa kimya kimya na mtandao unaendelea, mnakuja kugundua siku cha pili kinapokufa na kijiji kizima kinapotea. Weka mtu wa kuangalia orodha ya vituo kila wiki.

Kujitafutia kunagundua njia imekatika baada ya meseji kushindwa, kinatangaza upya, njia mpya inapatikana kama ipo. Hapa kwetu mara nyingi haipo, kwa sababu mgongo wa mlima una sehemu moja tu inayoona pande zote mbili. Akili yote ya kutafuta njia haina faida pale ambapo njia ni moja, na hili naomba mtu alipime kwa uaminifu kabla ya kulipia mfumo mgumu.

Nyota getiwei ikifa kila kitu kimekufa. Dawa yake ni rahisi kuliko ya wengine, weka getiwei ya pili upande mwingine, vituo havijafungwa kwa getiwei yoyote, wote wawili wakisikia meseji moja seva inatupa nakala.

Chaji

Anayepitisha meseji za wenzake hawezi kulala. Hiyo ndo sheria yote ya chaji kwenye mitandao hii. Redio inayokula wati 1 ikisikiliza muda wote ni wati-saa 24 kwa siku, yaani kama ampea-saa 2 kwenye betri ya volti 12. Siku tano za mawingu ni ampea-saa 10, na betri ya risasi usiishushe zaidi ya nusu, kwa hiyo 20 ndo chini kabisa na mi ningeweka zaidi. Ukanda wa Tukuyu wenye mvua nyingi na ukungu, au Kitulo juu kule, paneli ya kubahatisha itakuangusha Machi na Aprili.

Kwenye njia ya kuandikwa vituo vyote vinasikiliza vikingoja kuulizwa, kwa hiyo vyote vinahitaji sola ya maana. Kurudia kwa wote ni hivyo hivyo kwa vile vinavyorudia, ila redio za LoRa zinakula kidogo zaidi, na bodi zenye chipu ya nRF52 zinakula kidogo sana kuliko za ESP32. Kujitafutia, repita haziwezi kulala ila vituo vya pembeni vinaweza. Nyota inashinda hapa kwa mbali, kituo cha daraja A kinalala, kinaamka, kinatuma, kinalala, betri ndogo inakaa miaka.

Kutuma amri

Kusoma kina cha tenki ni jambo moja, kuzima pampu kabla tenki halijafurika ni lingine. Kituo cha LoRaWAN cha daraja A kinasikiliza madirisha mawili mafupi tu baada ya chenyewe kutuma, kwa hiyo amri yako ya kuzima inasubiri mpaka kitakapotuma tena. Ukitaka amri ifike papo hapo weka daraja C kinachosikiliza muda wote, na pampu kwa kawaida ina umeme karibu kwa hiyo inawezekana. Njia ya kuandikwa na masta hapa ndo nyumbani kwake, amri inaenda, jibu linarudi, unajua imetekelezwa. Kwa kurudia kwa wote mi sishauri amri ya pampu bila uthibitisho wa mwisho kwa mwisho na bila swichi ya boya kwenye tenki. Kwa kweli hiyo swichi weka kwa mfumo wowote ule, maji ya watu yasitegemee redio peke yake.

Hela, kibali na matunzo

Redio za UHF za kazi ni ghali na masafa yake yanahitaji leseni, ila unapata chaneli yako na nguvu ya kutosha. Redio ndogo za LoRa ni nafuu sana, zinauzwa za 433, 868 na 915 MHz, na mtandaoni muuzaji hakuulizi uko nchi gani, kwa hiyo ongea na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuagiza wakuambie masafa gani na nguvu kiasi gani. Getiwei ni kifaa kimoja cha bei ya kati ila vituo vyake ni nafuu.

Matunzo yanaamuliwa na mlima. Kila kituo cha katikati ni sehemu ambayo mtu atapanda na betri mgongoni, na radi za milima hii hazina mchezo, weka kinga ya radi na waya wa ardhi unaofanya kazi. Ukiwa na repita moja kubwa yenye njia ya gari ni tofauti kabisa na repita sita ndogo kila moja kwenye kilele chake. Aliyewahi kupanda barabara ya Chimala kwenda Matamba na kona zake 57 hahitaji kuelezewa.

Chagua kwa hali yako

Mradi wa maji wenye vituo vichache, pampu moja au mbili za kuwasha na kuzima, mgongo mmoja katikati, na fundi anayeelewa Modbus: njia za kuandikwa na repita moja iliyojengwa vizuri. Lipia leseni, weka betri kubwa, bandika ramani ukutani. Utatumia hela nyingi mwanzoni na usiku utalala.

Uwanda kama Usangu, au mashamba ya mpunga, mahindi na parachichi ambayo unayaona yote ukisimama juu ya kilima, vipimo vingi vya unyevu na kina cha maji, hakuna haraka ya sekunde: nyota. Pima kwanza kwa kifaa kimoja cha kutembeza kabla ya kununua getiwei, tembea nacho mpaka kwenye mifereji ya mbali kabisa uone kama kinasikika, na tembea tena mazao yakiwa yamesimama.

Watu wanaotembea, mfano kikosi cha kuzima moto kwenye misitu ya Mufindi wakati wa kiangazi, au waongoza wageni wa Kitulo, wanaohitaji ujumbe mfupi na mahali walipo, hawajui watakuwa wapi kesho: kurudia kwa wote. Weka kimoja au viwili vilivyo juu viwe ROUTER, vingine vyote viache kama vilivyo, na punguza taarifa za kujituma zenyewe.

Shamba kubwa lenye vituo vingi vilivyo karibu karibu, kila kimoja kinasikia majirani watatu au wanne, vituo vinahamishwa mara kwa mara na kuna fundi wenu mwenyewe wa kuelewa logi: kujitafutia kunalipa, mradi umerefusha ule muda wa njia. Kama vituo vyako vimejipanga kwenye mstari mmoja kando ya bomba, kila kimoja kinamwona wa mbele na wa nyuma tu, rudi kwenye njia za kuandikwa, utapata kitu kile kile kwa utulivu zaidi.

Na wale wa Makete, Ludewa na Ukinga wenye mabonde mawili matatu yasiyoonana, msilazimishe mfumo mmoja ufanye yote. Wekeni nyota ndogo ndani ya kila bonde kwa vipimo vinavyolala, alafu getiwei hizo ziunganishwe na redio mbili za njia ya kuandikwa zinazoonana mgongo kwa mgongo. Vipimo vinabaki na betri ndogo, na pa kupanda na betri kubwa panabaki pale juu ya migongo tu, kwa hiyo chagueni mgongo wenye njia ya pikipiki hata kama ule wa jirani ni mrefu zaidi.